Picha nne za Majilio kutoka duka la fremu mjini Moshi

Katika duka dogo la fremu na vifaa vya ibada, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa mjini Moshi, kila inapokaribia Dominika ya kwanza ya Majilio, yaani majuma manne ya kuingojea Noeli, huuzwa seti ya picha nne za kutafakari. Usipoiulizia huioni, kwa sababu mbele yake zimepangwa rozari, medali, sanamu za plasta, mishumaa ya Ubatizo na kalenda za ukutani, ambazo bila shaka ndizo zinazolipa kodi ya duka. Seti yenyewe imo ndani ya bahasha kubwa ya kaki na bei yake ni shilingi 40,000. Ukiifungua unakuta picha nne za ukubwa wa A3 zilizopigwa laminesheni, moja kwa kila wiki, pamoja na kijitabu cha kurasa 12 chenye maelezo mafupi, maswali na sala. Niliinunua kwa ajili ya jumuiya yetu ndogo ndogo, ambayo hukutana nyumba kwa nyumba, na picha hizo nikazitumia pia sebuleni kwangu. Haya ninayoyaandika yanatokana na matumizi hayo mawili, ambayo, kama itakavyoonekana, hayakutoa majibu yanayofanana.

Picha si mali ya duka. Ni nakala za kazi za wachoraji waliokwisha kufariki zamani, ambazo hakimiliki zake zimekwisha muda na kila mtu anaruhusiwa kuzichapa. Kilicho cha duka ni uteuzi, mpangilio, uchapaji na kijitabu, na hivyo ndivyo ninavyovipima hapa. Kumpima Bruegel, mmoja wa wachoraji hao, si kazi yangu.

Uteuzi ndio unaostahili sifa kubwa kuliko yote, na sababu yake mtu anaweza kuichukulia kuwa kasoro akiitazama kwa haraka: katika picha zote nne hamna Mtoto Yesu hata mara moja. Hamna hori, hamna wachungaji, hamna nyota. Mnunuzi aliyekuwa karibu nami pale kaunta alizipekua zote, akauliza kama seti imepungua picha moja. Lakini yeyote anayeufuata mwaka wa liturujia anajua kwamba Majilio si Noeli iliyoanza mapema. Padre huvaa zambarau, utenzi wa Utukufu hauimbwi Dominika, na hadi tarehe 16 Desemba masomo ya Misa huelekeza macho zaidi kwenye kuja kwa Kristo mwishoni mwa nyakati kuliko kwenye usiku wa Bethlehemu. Madukani hakuna subira ya namna hiyo. Novemba haijaisha, pango la plastiki lenye taa za kumetameta limeshawekwa dirishani, Mtoto amekwisha kuzaliwa, Mamajusi wamewahi kabla hata ya wachungaji, na tarehe 26 Desemba vyote vinarudishwa kwenye boksi wakati ambapo Kanisa ndiyo kwanza linaanza kusherehekea. Aliyezichagua picha hizi nne alielewa kwamba kazi ya picha wakati wa Majilio ni kumfanya mtu angoje, na akawa na ujasiri wa kutouza kile ambacho kila mteja anakitafuta.

Wiki ya kwanza imepewa mchoro wa Pieter Bruegel Mzee wa mwaka 1566 unaoonyesha sensa ya Bethlehemu, ambao asili yake imo katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa jijini Brussels, Ubelgiji. Bruegel hakuchora Palestina. Alichora kijiji cha nchi yake wakati wa baridi kali, theluji imefunika mapaa, watoto wanacheza juu ya maji yaliyoganda, watu wazima wanapita na mizigo yao, na upande wa kushoto, mbele ya nyumba ya wageni, umati umesongamana kujiandikisha na kulipa kodi ya mfalme. Karibu na umati huo nguruwe anachinjwa, na mwanamke amekinga chombo kupokea damu. Maria na Yosefu wamo, ila ni lazima uwatafute: mwanamume amebeba msumeno begani, anamwongoza punda, na juu ya punda ameketi mwanamke aliyejifunika joho la buluu. Hakuna mtu kijijini aliyegeuza kichwa kuwatazama.

Sidhani kama kuna mji unaoweza kuuelewa mchoro huu upesi kuliko Moshi. Kila Desemba Watanzania wenzetu hututania kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, na utani huo una ukweli wake: mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa, nauli hulalamikiwa, barabara za kupanda Marangu, Kibosho, Machame na Rombo hufurika magari ya wana waliorudi, na katika kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kuna mbuzi ambaye siku zake ndizo hasa zilizohesabiwa. Nilipoitundika picha hiyo ukutani kwenye nyumba tuliyokutania, wa kwanza kucheka alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyeiona ile damu inayokingwa, akasema, “Kumbe na hawa wanapika kisusio,” ile supu yetu ya damu. Kicheko kilipotulia, mwenyekiti akauliza, “Haya, na Mama Maria yuko wapi hapo?” Nyumba nzima ikasogea ukutani. Walimtafuta kwenye umati, wakamtafuta dirishani, kijana mmoja akamwonyesha mwanamke mwingine kabisa, na ilichukua muda kabla ya mtoto wa mwenye nyumba, ambaye kimo chake kilikuwa sawa na sehemu ya chini ya picha, kuweka kidole juu ya punda.

Ndipo ikasomwa Injili ya Dominika ya kwanza ya Mwaka A, ule wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, kutoka Mathayo 24, ambamo Yesu anawataja watu wa siku za Nuhu waliokuwa “wakila, na kunywa, wakioa na kuolewa” mpaka gharika ikawachukua wote. Kijitabu kinasema jambo moja tu kuhusu aya hiyo, na kinalisema vizuri: kwamba watu hao hawatajwi hapo kwa uovu wowote, bali kwa kutotambua. Hawakuwa wakifanya lolote ambalo sisi hatulifanyi Desemba. Katekista wetu amekwisha kulihubiri jambo hilo mara nyingi, na tumekuwa tukiitikia Amina. Safari hii hakuhitaji kulihubiri, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ametoka kumpita Maria kwa macho yake mwenyewe. Kwangu mimi, ukurasa huo na picha hiyo peke yake vinalipa nusu ya bei ya bahasha.

Na hapo hapo ndipo uchapaji unapoangusha seti. Mchoro wa asili una upana wa zaidi ya sentimita 160, wakati karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 42, kwa hiyo Maria pamoja na punda wake wanabaki na ukubwa wa kidole gumba. Kufichika kwao ni shabaha ya mchoraji, lakini kuna tofauti kati ya kilichofichwa na kisichoonekana. Tena laminesheni inarudisha mwanga: chini ya taa ya umeme, walioketi upande wa mlangoni waliona mng’ao mweupe mahali palipostahili kuwa na theluji, ikabidi picha ishushwe na kupitishwa mkononi. Nyumbani, ambako mtu mmoja husimama mbele ya picha na kikombe chake cha chai, tatizo hilo halipo kabisa, na nilijikuta nikigundua jambo jipya kila asubuhi. Kwa kikundi cha watu zaidi ya kumi, picha hii moja ingepaswa kuchapwa kwa ukubwa wa A2 walau.

Wiki ya pili ni ya Yohane Mbatizaji. Picha imetolewa kwenye altare ya Isenheim, aliyoichora Matthias Grünewald kati ya mwaka 1512 na 1516 kwa ajili ya monasteri ya Waantoni, na ambayo sasa imo katika makumbusho ya Unterlinden mjini Colmar, Ufaransa. Yohane amesimama pekupeku, vazi la manyoya limefunikwa na joho jekundu, mkono wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa, na mkono wa kulia umenyoosha kidole cha shahada ambacho ni kirefu kupita kiasi cha kawaida. Kati ya uso na mkono huo yameandikwa kwa Kilatini maneno ya Injili ya Yohane 3:30, “Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua.” Miguuni pake yupo mwanakondoo aliyekumbatia msalaba mdogo, na damu yake inatiririka ndani ya kikombe.

Mwenye seti ameikata picha. Katika mchoro mzima, kile kidole kinamwonyesha Kristo aliyekufa msalabani, mwili wake umejaa vidonda na vidole vyake vimekakamaa. Katika nakala ya Moshi kidole kinaelekea ukingo wa karatasi na kuishia hapo. Nina maoni mawili kuhusu uamuzi huo na sioni haja ya kuyapatanisha. Kwa upande mmoja, ni uamuzi wenye akili, kwa sababu Yohane wa Dominika ya pili ya Majilio anahubiri jangwani habari za mtu ambaye wasikilizaji wake bado hawajamwona, na kidole kinachoelekeza nje ya karatasi kinaacha swali hewani namna ambavyo msalaba usingeliacha. Kijana mmoja wa kwaya alisimama kando ya picha, pale ambapo kidole kinaelekea, akauliza kwa utani kama ni yeye anayesemwa. Tulicheka, lakini mazungumzo ya nusu saa yaliyofuata yalitokana na swali lake.

Kwa upande mwingine, kuna historia nzito iliyokatwa pamoja na karatasi hiyo. Waantoni wa Isenheim waliwauguza wagonjwa wa moto wa Mtakatifu Antoni, maradhi yaliyotokana na kula nafaka yenye ukungu wa sumu, hatari inayofanana na ile ya sumukuvu tunayoonywa leo kwenye mahindi na karanga. Ugonjwa huo uliwaunguza watu maungo na wengine wakapoteza mikono na miguu. Grünewald aliwachorea wagonjwa hao Kristo ambaye ngozi yake imeharibika kama yao. Na Yohane, ambaye kwa mujibu wa Injili alikatwa kichwa kabla ya Yesu kusulubiwa, amewekwa pale chini ya msalaba kwa makusudi, kama shahidi ambaye kifo hakikumzuia kuendelea kuonyesha. Kukata ni halali. Kutomwambia mnunuzi kwamba picha imekatwa si sawa, na kijitabu hakisemi neno lolote kuhusu hilo. Sentensi mbili zingetosha.

Kuhusu wiki ya tatu nitasema machache, kwa kuwa picha ni nzuri na mpangilio ni mbovu. Ni mchoro wa Henry Ossawa Tanner wa mwaka 1898, unaohifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Philadelphia, Marekani, unaoonyesha Bikira Maria akipashwa habari na Malaika Gabrieli. Maria ni msichana mdogo aliyeketi ukingoni mwa kitanda, nguo yake imejikunja kunja kama ya mtu aliyeamshwa ghafla, vidole vya mguu vinachungulia chini ya pindo, na zulia mbele yake limejikunja. Malaika hana mbawa wala uso. Ni nguzo ya mwanga tu. Wasichana wa jumuiya waliipenda kuliko picha zote. Hata hivyo, Injili ya Dominika ya tatu ya Mwaka A ni ya Yohane akiwa gerezani, anayewatuma wanafunzi wake kuuliza, “Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?”, na swali hilo, ambalo huenda ndilo gumu kuliko yote katika Majilio, limebaki bila picha. Injili ya Kupashwa Habari husomwa tarehe 8 Desemba na tena tarehe 20, kwa hiyo mtu anaweza kuitetea nafasi yake ndani ya wiki kwa kutafutiza. Kijitabu hakijaribu kuitetea.

Picha ya nne ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii badala ya kuiacha bahasha kabatini. Ni ndoto ya Mtakatifu Yosefu, iliyochorwa na Georges de La Tour karibu na mwaka 1640, na asili yake imo katika makumbusho ya sanaa ya Nantes, Ufaransa. Mzee mwenye ndevu ameketi, amesinzia, kichwa kimeegemea mkono mmoja, na kitabu kimefunguka mapajani. Mbele yake amesimama malaika mwenye umbo la mtoto, ambaye hana mbawa, amenyoosha mikono karibu na mkono wa mzee bila kuonekana kama anataka kumwamsha. Kati yao mshumaa unawaka, lakini mwali wake umezibwa na mkono wa malaika, hivi kwamba tunaona kile ambacho mwanga umekigusa, yaani shavu la mtoto, paji la mzee, ukingo wa karatasi, na si mwanga wenyewe. Vingine vyote ni giza.

Injili ya Dominika ya nne ya Mwaka A ni Mathayo 1:18-24, ambapo Yosefu, akiwa amekwisha kukusudia kumwacha Maria kwa siri, anaambiwa ndotoni asiogope kumchukua. Katika Injili zote nne Yosefu hanukuliwi akisema hata neno moja. Anaambiwa, anaamka, anafanya. La Tour amemchora kabla ya kuamka, wakati ambapo uamuzi wake wa jana bado haujabadilika na habari njema imeshaingia chumbani, naye hana habari. Ni mahali pa ajabu pa kumweka mtu wiki ya mwisho ya kungoja. Katika picha tatu za kwanza mtazamaji anatafuta, anaulizwa, anashtuka. Katika hii hana la kufanya isipokuwa kukaa.

Tulikutana jioni, tukazima taa ya umeme kwa dakika chache, tukawasha mishumaa minne ya shada la Majilio, na laminesheni iliyotusumbua wiki ya kwanza safari hii ikasaidia, kwa kuwa miali yetu ilionekana ndani ya giza la picha karibu na ule mmoja uliofichwa. Sikutegemea pia kwamba uchapaji ungeweza kulibeba giza hilo. Mashine nyingi za mjini hugeuza weusi kuwa madoa ya kijivu au zambarau, lakini hapa weusi umetulia na rangi ya ngozi imebaki na joto lake. Baba mmoja, fundi wa ujenzi asiyependa kusema mbele za watu, aliulizwa anaona nini. Akajibu, “Namwona mtu aliyechoka na mawazo ya nyumbani kwake.” Hakuongeza neno, na mwenyekiti alifanya busara ya kutomwongezea swali. Kuhusu mchoraji mwenyewe, alifariki mwaka 1652, akasahauliwa kwa zaidi ya karne mbili, kazi zake zikihesabiwa kuwa za wengine, mpaka mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Voss, alipozitambua mwaka 1915. Ningependa kijitabu kingewaambia wasomaji jambo hilo, linamfaa Yosefu.

Kijitabu kinahitaji mkono wa mhariri. Kosa lake kuu ni wingi wa maswali: kila picha ina maswali saba, mengine yakiwa na (a) na (b), na jumuiya ikiyafuata yote kikao kinageuka mtihani wa darasa la saba, kila mtu akiangalia karatasi yake na hakuna anayeangalia ukuta. Tuliyaacha baada ya wiki ya kwanza, tukawa tunakaa kimya mbele ya picha, kisha Injili, kisha kila mmoja akisema alichokiona kabla ya kusema alichokielewa. Sala za mwisho wa kila wiki, kwa upande wake, ni fupi na safi, na hazina ile hali ya kumweleza Mungu mambo anayoyajua. Makosa ya chapa yapo lakini hayazuii kusoma.

Kuna ukurasa mmoja unaohitaji kusahihishwa kabisa, ule unaosema kwamba shada la Majilio ni mapokeo ya kale ya Kanisa Katoliki. Shada la mishumaa lilianzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839 mjini Hamburg, katika kituo alichowalelea watoto maskini. Alitumia gurudumu la mkokoteni na mishumaa ili watoto wahesabu siku zilizobakia. Wakatoliki walilipokea baadaye. Katika mji kama Moshi, ambako Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ina makao yake, ambako karibu kila ukoo una Wakatoliki na Walutheri wanaokula meza moja siku ya Noeli, kosa hilo si dogo. Shemeji yangu, Mlutheri wa kuzaliwa, aliusoma ukurasa huo kwa sauti kisha akanitazama tu.

Yeye huyo huyo aliniuliza kama picha hizi zingefaa kwa vikundi vya sala vya usharika wake, na jibu langu ni ndiyo, kwa tahadhari moja. Masomo yamefuata kalenda ya Kikatoliki ya Mwaka A, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2025, na KKKT wana kalenda yao, kwa hiyo wiki zinaweza kupishana na Injili zinazosomwa usharikani. Kwa upande wa mafundisho sioni kikwazo. Hamna mahali ambapo kijitabu kinaelekeza sala kwa picha. Picha inatazamwa, sala inaelekezwa kwa Mungu, jambo ambalo Mtaguso wa pili wa Nisea ulilieleza mwaka 787 uliposema kwamba heshima inayopewa picha humwendea yule aliyechorwa. Luther naye, aliporudi Wittenberg mwaka 1522 na kukuta watu wamevunja sanamu makanisani, aliwapinga waliovunja. Tatizo, kwake, lilikuwa moyo unaoabudu sanamu, na moyo hauvunjwi kwa nyundo.

Lalamiko langu zito zaidi linahusu kile ambacho hakimo. Picha tatu zinatoka Ulaya na moja ilichorwa na Mmarekani aliyeishi Paris. Kwa Tanner, walau, kijitabu kingeweza kusema kwamba alikuwa Mmarekani mweusi, mwana wa askofu wa Kanisa la Methodisti la Waafrika, na kwamba mama yake alizaliwa utumwani. Hakisemi, na wasomaji wengi watamdhania kuwa Mzungu kama wenzake. Lakini hata bila kuvuka bahari, mwana wa Marangu, Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere, alichora katika miaka ya 1950 michoro mikubwa ya ukutani ya maisha ya Yesu kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Murang’a, Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Yesu wa michoro hiyo anazaliwa, anabatizwa na kusulubiwa katika nchi ya Kiafrika, kati ya watu weusi. Njau ndiye pia aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, na alijulikana kwa kuwakemea wasanii wanaonakili kazi za wengine. Michoro yake si mali ya kila mtu kama ya Bruegel, inahitaji ruhusa na pengine malipo, na huenda hiyo ndiyo sababu ya duka kutoigusa. Basi liombe ruhusa. Au liwape kazi wachoraji vijana wa hapa hapa: Maria anayepanda Kilema kumwona Elizabeti akiwa na kitenge na ndizi mbivu kichwani si wazo geni kwa mtu yeyote aliyekwenda kumwona mzazi katika mkoa huu, na Yohane gerezani, ambaye wiki ya tatu imemnyima nafasi, anangoja mtu wa kumchora.

Sisemi hivyo kwa kudhani kwamba picha ya Mzungu haiwezi kutufaa. Theluji ya Bruegel ilitufaa kuliko nilivyotarajia, na fundi wetu hakuuliza Yosefu ni wa kabila gani. Ila picha nne zote zikitoka mbali, mtoto aliyeweka kidole juu ya punda atakua akijua kwamba mambo haya hutokea kwingine, na Majilio yanafundisha kinyume cha hapo.

Kwa anayetaka kununua: kwa matumizi ya mtu mmoja au familia, seti inafaa kama ilivyo na bei yake ni ya haki, ukizingatia kwamba kuchapa na kupiga laminesheni karatasi nne za A3 kwenye maduka ya mjini hakungekuacha na chenji ya maana. Kwa jumuiya, nenda ukaongee nao kwanza. Nilipowaeleza kuhusu mng’ao na ukubwa, kijana wa kaunta alinijibu bila kukunja uso, “Mama, ukitaka bila laminesheni tunakutolea kwa bei ile ile, ila usiitundike panapopiga jua, itapauka.” Picha ya sensa peke yake katika ukubwa wa A2 wanaitoa kwa shilingi 15,000. Wanahitaji nusu ya malipo mbele, na oda ni vizuri iwafikie kabla Oktoba haijaisha, kwa sababu kuanzia Novemba mashine yao inashikwa na kadi za harusi na za kipaimara, na picha za Yohane Mbatizaji zinasukumwa nyuma ya foleni.